MOTO UBAKI NJE, JOTO LIINGIE NDANI

Zungumzo juu ya kuchagua joto salama la kulelea vifaranga

Leo tutazungumza juu ya joto la kulelea vifaranga. Najua wapo watakaosema, "Ah, hilo tunalijua, bwana mifugo. Kifaranga akipata baridi unamwekea jiko la mkaa, basi." Ndugu yangu, ni hilo neno "basi" lililonifanya nione kwamba yafaa tulizungumze jambo hili polepole, hatua kwa hatua. Nanyi wenzetu wa sehemu za machimbo ya dhahabu, wa Rwamgasa, Nyarugusu, Katoro na kwingineko mkoani Geita, hata ninyi wa upande wa Kahama na Shinyanga, sogeeni karibu zaidi. Kwenu jiko la mkaa laweza kuwa na hatari mbili badala ya moja.

Yaliyotokea Rwamgasa

Mwezi wa Desemba mwaka 2021, mvua zikiwa zimekolea, nilifika Rwamgasa kutembelea kikundi cha akina mama wafugaji wa kuku wa kienyeji. Majuma matatu kabla ya hapo nilikuwa nimewafundisha namna ya kulea vifaranga bila mama yao. Nyumba ya kwanza kuingia ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima. Nilimkuta ameketi mlangoni, kichwa amekifunga kitambaa.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja siku mbaya."

Akanionyesha ndoo. Mlikuwa na vifaranga 41, wote wamekufa. Alikuwa ameanza na 60.

"Jana jioni walikuwa wazima kabisa, wanakula," alisema. "Mvua ikanyesha, baridi ikawa kali. Nikawawashia jiko, nikafunga mlango na dirisha kama ulivyotufundisha, upepo usiwapige. Nikalala nao humo humo na mjukuu wangu, maana wezi siku hizi ni wengi. Usiku mtoto akaamka analia kichwa, akatapika. Nilipotaka kuinuka nimtoe nje, miguu ikakataa. Nilitambaa mpaka mlangoni, namvuta mtoto kwa mkono mmoja."

Kama ulivyotufundisha. Ndugu msikilizaji, maneno hayo yalinichoma. Nikalikumbuka somo langu. Ni kweli niliwaambia wazibe matundu, upepo usiwapige vifaranga. Lakini sikuwaambia wazibe yapi na waache yapi wazi, wala sikusema neno juu ya hewa inayotoka kwenye mkaa. Nilifundisha nusu ya somo, na nusu hiyo ilikaribia kuua watu wawili.

Kisha nikamwuliza jambo lingine. "Mayu, jiko hili ulilinunua wapi?"

"Sikununua. Ni la kijana wangu. Amehamia machimbo mengine, akaniachia."

"Yeye alikuwa akilitumia kwa kazi gani?"

Akanitazama kama mtu anayeshangaa swali. "Kuchomea dhahabu, baba. Kazi gani nyingine?"

Basi mazungumzo ya leo ni ile nusu ya somo niliyoiacha.

Kwa nini kifaranga anahitaji joto

Kuku mkubwa hujitengenezea joto lake mwenyewe. Joto la mwili wake hukaa karibu na nyuzi 41 za Sentigredi, usiku na mchana, mvua inyeshe au jua liwake. Kifaranga wa siku moja hawezi kazi hiyo. Hana manyoya, ana malaika laini tu. Katika siku zake za mwanzo amekaribiana zaidi na kobe au mjusi kuliko na mama yake: mahali pakiwa na joto naye hupata joto, mahali pakipoa naye hupoa.

Juma la kwanza kifaranga anahitaji mahali penye joto la nyuzi 32 hadi 35. Baada ya hapo unapunguza nyuzi 3 hivi kila juma, yaani juma la pili nyuzi 29 hadi 32, juma la tatu nyuzi 26 hadi 29, na kuendelea hivyo. Akifikia juma la tano au la sita manyoya yameota, naye anaweza kujitegemea. Sasa fikiria usiku wa mvua huku kwetu, ambapo hewa huweza kushuka chini ya nyuzi 20. Pengo la nyuzi 15 hivi ni lazima lizibwe na mtu. Lisipozibwa, kifaranga haendi kula wala kunywa. Hukusanyika na wenzake pembeni, wakapandana, na wa chini wakakosa pumzi. Asubuhi unahesabu mizoga unasema ni ugonjwa, kumbe ni baridi.

Kwa hiyo joto ni la lazima. Swali letu leo ni hili: joto hilo litoke wapi, bila kutuletea msiba?

Hatari ya kwanza: hewa ya mkaa

Mkaa unapoungua mahali penye hewa haba hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi wa kuni hukufukuza wenyewe: unakohoa, machozi yanakutoka, unakwenda nje. Hewa ya mkaa haifukuzi mtu. Humlaza.

Kazi ya damu ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Kaboni monoksidi huing'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni kama basi la abiria ambamo wamepanda watu wasiotaka kushuka: kila kituo wanaotakiwa kusafiri wanaachwa. Mwili unakosa oksijeni ingawa kifua kinapanda na kushuka kama kawaida. Kwanza kichwa huuma, halafu kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, na mwisho usingizi usio na kuamka.

Wachimbaji mnalijua jambo hili kwa jina lingine. Mnajua kwamba hamwingii shimoni mara tu baada ya baruti kulipuka, na kwamba mashine ya petroli ya kuvuta maji haiwashwi chini kwenye duara. Basi chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa ni duara lenye mashine inayounguruma, ila mashine hii haina sauti.

Hapa yafaa tusahihishe mambo manne yanayosemwa sana vijijini.

La kwanza, watu husema jiko likishika vizuri, mkaa ukawa mwekundu bila moshi, ni salama. Si kweli. Moshi umekwisha, lakini hewa ya sumu inaendelea kutoka.

La pili, watu huweka sufuria ya maji juu ya jiko, wakisema maji yatanyonya sumu. Maji hayanyonyi hewa hiyo. Yanachemka tu.

La tatu, watu hufunika makaa kwa majivu ili yadumu mpaka asubuhi. Makaa yaliyofunikwa huungua kwa kukosa hewa, na hapo ndipo sumu inapozidi.

La nne, mtu akizidiwa hupewa maziwa. Maziwa hayawezi kuondoa hewa iliyokwisha ingia katika damu. Dawa ya kwanza ni kumtoa nje kwenye hewa safi, kisha kumpeleka haraka kituo cha afya akapewe oksijeni.

Zamani katika machimbo ya makaa ya mawe ya Uingereza, wachimbaji walishuka shimoni na ndege wadogo waitwao kanari. Ndege hupumua hewa nyingi kwa kadiri ya mwili wake, hivyo sumu humpata kabla ya binadamu. Ndege akianguka, watu hutoka mbio. Desturi hiyo iliachwa mwaka 1986, vyombo vya kupimia hewa vilipochukua nafasi ya ndege. Nimesimulia haya ili ujue kwamba vifaranga wanaokufa wengi kwa usiku mmoja karibu na jiko, bila kuharisha wala kukoroma, wameileta taarifa nyumbani kwako. Usikimbilie kununua dawa ya kideri. Kwanza uliza habari za watu waliolala humo.

Hatari ya pili: jiko lililochoma dhahabu

Sasa tuje kwenye jiko la yule kijana. Mchimbaji mdogo akishasaga mawe kwenye karasha na kuyaosha mwaloni, huchanganya mchanga wake na zebaki ili ishike dhahabu. Hupata donge, kisha hulichoma. Zebaki hugeuka mvuke, dhahabu hubaki. Je, mvuke huo huenda wapi?

Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na moto wa mkaa unaopulizwa hupita hapo kwa urahisi. Mvuke wake hauonekani na hauna harufu. Sehemu yake huingia moja kwa moja mapafuni mwa mchomaji na wote walio karibu. Sehemu nyingine hupoa na kuganda kwenye ukuta, kwenye nyasi za paa, kwenye udongo wa sakafu, na kwenye jiko lenyewe, hasa likiwa la udongo lenye vinyweleo. Hukaa humo. Siku jiko hilo litakapowashwa tena kwa kazi nyingine, kupikia ugali au kupashia vifaranga joto, zebaki iliyobaki huamka na kuwa mvuke tena. Hata kulisugua kwa maji na majivu hakuiondoi iliyoingia ndani ya udongo.

Rwamgasa si mahali pa kubahatisha katika jambo hili. Katika miaka ya 2000 Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa, UNIDO, lilikuwa na mradi juu ya zebaki katika uchimbaji mdogo wa nchi 6, Tanzania ikiwa mojawapo, na Rwamgasa ilikuwa moja ya sehemu zilizochunguzwa. Miongoni mwa waliochoma madonge ya dhahabu walikutwa watu wenye zebaki nyingi mwilini, na wenye dalili zake. Dalili hizo ni mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kusahausahau, hasira za ghafula. Mvuke huu huwadhuru zaidi watoto wadogo na mama wajawazito.

Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana mkataba wa kupunguza matumizi ya zebaki, uitwao Mkataba wa Minamata, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Minamata ni mji wa Japani ambako zebaki ya aina nyingine, iliyomwagwa baharini na kiwanda, iliingia katika samaki, na ugonjwa wake ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Huko nako paka waliokula samaki hao walianza kuyumbayumba na kuanguka kabla watu hawajafahamu kwamba na wao wamo. Mara nyingi mnyama wa nyumbani hututangulia.

Basi, ndugu msikilizaji wa sehemu za machimbo, shika kanuni hizi:

1. Jiko, kikaango, koleo au sahani iliyowahi kuchomea dhahabu isiingie tena jikoni wala bandani, hata kama ni nzima na nzuri.

2. Usinunue wala usipokee jiko kuukuu mpaka ujue lilifanya kazi gani. Kama hujui, liache.

3. Mchanga wa marudio usitandazwe sakafuni mwa banda, ingawa ni laini na unapatikana bure. Kifaranga hudonoa kila kilicho chini.

4. Gunia au kitambaa kilichotandikwa mwaloni kisitumike kufunika vifaranga wala kuzibia upepo.

5. Pipa au dumu lililowahi kuwa na sayanaidi au dawa yoyote ya machimbo lisikatwe kuwa banda, wala chombo cha maji.

6. Chumba au kibanda kilichochomewa dhahabu kisigeuzwe kuwa nyumba ya vifaranga.

Jiko kama hilo ukiwa nalo, usilivunje ukatupa vipande shambani au karibu na kisima. Litoe nje ya nyumba, lifunge ndani ya mfuko, liweke mbali na watoto, kisha mwone afisa afya au afisa mazingira wa kata akuelekeze. Nawe kijana unayechoma, tumia chombo cha chuma kilichofungwa ambacho hunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Chomea nje, mbali na nyumba, mbali na mama na watoto.

Njia za kupata joto, kuanzia iliyo salama zaidi

Kanuni yetu ya leo ni fupi: moto ubaki nje, joto liingie ndani. Ukiikumbuka hiyo tu, nitakuwa nimelipa deni langu. Sasa tuzipange njia tano, tukianza na ile isiyo na moto kabisa.

Ya kwanza ni mama yao. Kuku wa kienyeji anayelea ndiye jiko la kwanza. Halitoi moshi, halinunuliwi, na hujua lenyewe wakati wa kuongeza na kupunguza. Kuku mmoja mwenye mwili mzuri huweza kufunika vifaranga 10 hadi 12. Ni kweli akina mama wengi hupenda kumtenganisha na vifaranga ili arudi kutaga upesi. Lakini kama una vifaranga wachache na huna joto la uhakika, mwachie walau majuma mawili au matatu ya mwanzo. Utakuwa umechelewesha mayai kidogo, na umeokoa vifaranga wengi.

Ya pili ni kinengunengu, yaani sanduku la nyasi. Hili ndilo ninalowashauri wengi wenu. Tengeneza sanduku la mbao, au fuma kapu kubwa. Katikati acha chumba cha sentimita 45 kwa 45, kinachotosha vifaranga 30 hivi. Pembeni pote na chini shindilia nyasi kavu unene wa sentimita 8 hadi 10. Juu weka mfuko wa kitambaa uliojazwa nyasi bila kushindiliwa, uning'inie karibu na migongo ya vifaranga kama bawa la mama. Toboa matundu madogo upande wa juu ili hewa iingie na kutoka, na mlango mdogo wa kuendea kwenye uwanja wa chakula na maji. Vifaranga wenyewe ndio watakaotoa joto, nazo nyasi zitalizuia lisipotee.

Mambo mawili usiyasahau. Sanduku hili linahitaji vifaranga wa kutosha, kwa hiyo ukiweka 6 tu watapata baridi. Na nyasi ziwe kavu siku zote. Zikilowa zitoe siku hiyo hiyo, kwa sababu nyasi zenye ukungu huleta ugonjwa wa mapafu unaoua vifaranga wengi.

Kwa juma la kwanza, au usiku wa mvua kali, lisaidie sanduku kwa maji ya moto. Chemsha maji nje, au jikoni unakopikia. Yaache yapungue ukali kidogo, kwani yanayotokota hulegeza plastiki, kisha jaza dumu la lita 5, lifunge vizuri, liviringishe gunia safi, uliweke upande mmoja wa chumba cha sanduku. Upande mmoja, nasema, ili kifaranga anayeona joto limezidi apate pa kukimbilia. Jaza kabla ya kulala, na ukiamka usiku badili mara moja. Unaona? Moto umebaki nje, joto limeingia ndani.

Ya tatu ni umeme. Balbu hutoa joto lisilo na sumu, na siku hizi vijiji vingi vimefikiwa na nyaya. Lakini zingatia haya. Balbu za kisasa za kubana matumizi hutoa mwanga bila joto la maana. Inayotakiwa ni ile ya zamani yenye waya mwembamba ndani, ya wati 60 au 100, au taa maalumu ya kulelea vifaranga ya wati 250. Taa hiyo ikiwaka saa 12 kwa usiku mmoja hula uniti 3 za umeme, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kununua. Itundike sentimita 45 hadi 60 juu ya vifaranga, kwa mnyororo au waya imara, na isitegemee waya wake wa umeme, kwani ikianguka kwenye maranda au makapi ya mpunga banda huwaka moto mara moja. Maungio ya waya yafanywe na fundi, yasifungwe kwa mfuko wa nailoni. Sola ndogo ya nyumbani yatosha kwa mwanga na kuchaji simu, lakini haina nguvu ya kuwasha taa ya joto usiku kucha, usidanganyike. Na kwa kuwa umeme hukatika, weka maji ya moto tayari.

Ya nne ni kandili, au chemli. Taa hii nayo hula hewa na kutoa kidogo ile hewa ya sumu, hivyo chumba kiwe na matundu, na pasilale mtu. Isimamishe juu ya tofali, uizungushie wavu wa waya vifaranga wasiifikie. Itie mafuta ikiwa imezimwa na imepoa. Nanyi wa machimboni, ambako petroli ya mashine na mafuta ya taa hukaa katika madumu yanayofanana, yawekeni mbalimbali na muweke alama. Petroli ndani ya kandili ni moto wa kuteketeza nyumba nzima.

Ya tano, ya mwisho kabisa, ni jiko la mkaa. Ukikosa nyingine zote na ukalazimika, basi masharti ni haya. Jiko liwe jipya, au unajua historia yake yote. Liwashe nje mpaka mkaa wote ushike. Banda la vifaranga liwe peke yake, lisiwe chumba wanacholala watu, wala chumba kinachopakana nacho kwa ukuta usiofika darini. Ziba matundu ya chini, usawa wa vifaranga, kwa sababu huo ndio upepo unaowapiga. Matundu ya juu, chini ya mapaa, yaache wazi pande mbili zinazotazamana. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Zungushia jiko matofali au wavu, na makapi yakae mbali nalo hatua moja. Ukiingia kuwatazama, fungua mlango kwanza, ngoja kidogo, kisha ingia, na usikae humo. Ukisikia kichwa kinakugonga, toka.

Lakini nakuomba, kabla hujaingiza jiko, jaribu kwanza kuliacha nje likuchemshie maji.

Vifaranga wenyewe ni kipimajoto

Kama unacho kipimajoto, kiweke usawa wa mgongo wa kifaranga, si juu ukutani. Kama huna, watazame wenyewe jioni kabla ya kulala. Wakijikusanya na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia pembeni mbali na joto, midomo wazi, mabawa wameyaachia, joto limezidi. Wakibanana wote upande mmoja, upande wa pili kuna upepo unaoingia. Wakitawanyika vizuri, wengine wanakula, wengine wamelala, sauti yao ni ya chini, basi joto linatosha. Nenda kalale.

Wakilala kimya kupita kiasi, wamelegea, hawashtuki unapofungua mlango, na jiko limo ndani, usianze kuwachunguza. Fungua mlango na madirisha, toa watu kwanza, halafu toa jiko, halafu vifaranga.

Mwisho wa habari ya yule mama

Siku ile tulimpeleka mama na mjukuu wake kituo cha afya, wakapata nafuu. Lile jiko tulilitoa nje ya nyumba, na afisa afya akaelezwa. Kikundi kilikutana chini ya mwembe, nami nikasimama mbele yao nikaeleza kwamba nilikuwa nimefundisha vibaya. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alisema tu, "Afadhali umerudi, bwana mifugo. Wengine hawarudi."

Mwezi wa Machi mwaka 2022 nilipopita tena, yule mama alikuwa na vifaranga katika kinengunengu alichotengenezewa na yule kijana wake, aliyekuwa amekuja kumsalimu. Nilimwuliza kijana kama bado anachoma dhahabu ndani. Akajibu kwamba siku hizi anachomea nje. Nikamwambia nje ni afadhali kuliko ndani, lakini nje pamoja na chombo cha kunasa mvuke ni afadhali zaidi. Akasema atakitafuta. Mama yake akadakia, "Akitafute kabla hajaja kunisalimu tena."

Ndugu mfugaji, hayo ndiyo niliyotaka tuyazungumze. Kuku wa kienyeji ni akiba ya nyumba, ni ada ya shule, ni mboga ya mgeni. Lakini hakuna kifaranga anayestahili kulipiwa kwa pumzi ya mtoto. Moto ubaki nje, joto liingie ndani.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika kijiji chenu, ni nyumba ngapi zinazolala na jiko la mkaa ndani wakati wa mvua? Mtafanya nini juu yake?

2. Nani kati yenu ana jiko ambalo hajui lilitumika kwa kazi gani? Litawekwa wapi?

3. Kikundi chenu kinaweza kutengeneza kinengunengu kimoja cha mfano kwa vifaa gani vinavyopatikana hapo hapo?

4. Ni matundu yapi ya banda yanayozibwa, na yapi yanayoachwa wazi? Kila mmoja aende akaonyeshe bandani kwake.